Matundu ya Mlango wa Bafuni

Kila asubuhi saa moja kasorobo, Bi Dallmann alivaa koti lake la kijivu, akachukua mfuko wa kununulia mkate, kisha akasimama mlangoni na kuniuliza swali lile lile.

"Liway, kazi yako ni ipi?"

"Kuzima hita, kufungua madirisha yote, kuning'iniza nje maduveti ya kujifunikia, kusubiri dakika kumi, kufunga," nilijibu.

"Dakika ngapi?"

"Kumi, Bi Dallmann."

"Si tatu?"

"Si tatu."

Akatoka. Nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi za ghorofa tatu, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Mama alikuwa ameondoka tangu saa kumi na moja kwenda zamu ya asubuhi hospitalini, alikokuwa muuguzi. Nilibaki peke yangu katika nyumba ya mtu mwingine, na nje ya vioo kulikuwa bado giza, theluji ikianguka juu ya mji wa Wuppertal.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimetoka Iloilo, Ufilipino, mwezi wa kumi na moja, kumfuata mama ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mitatu. Kwa bibi yangu madirisha hayakufungwa mwaka mzima, kwa sababu joto lilikuwa la bure. Hapa watu walinunua joto, wakalijaza chumbani, kisha asubuhi wakafungua madirisha na kulitupa nje. Sikuona akili yoyote katika jambo hilo, na nilijiona mjanja kuliko mji mzima.

Bi Dallmann alikuwa na kanuni nyingi. Viatu havikuvuka kizingiti. Takataka ziligawanywa katika mapipa manne, na ole wako uweke ganda la ndizi na karatasi. Jioni tulikula mkate, jibini na matango ya siki, bila chochote cha moto. Jumapili hakuna kupiga msumari wala kuendesha mashine ya kufulia. Siku yangu ya kwanza alinitembeza nyumba nzima akizitaja, na tulipofika bafuni aliinama akagusa kwa kidole matundu marefu yaliyokatwa chini ya mlango.

"Na haya hayafunikwi. Kamwe," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hayafunikwi."

Mama alinivuta chumbani kwetu akafunga mlango. "Usimuulize maswali, mwanangu," alininong'oneza. "Nimetafuta nyumba miezi kumi na minne. Huyu ndiye mtu pekee aliyekubali kutupa chumba. Tukimuudhi, mimi nitarudi kwenye bweni la wauguzi na wewe utarudi kwa bibi. Fanya anavyotaka. Kitu kisipokupendeza, nyamaza."

Nililishika neno hilo la mwisho kuliko mengine yote.

Januari baridi ilizidi. Bafu lile halikuwa na dirisha, na ukutani kulikuwa na boila ya gesi iliyochemsha maji ya nyumba nzima. Kila niliposimama pale nikiwa nimelowa, hewa baridi iliingia kwa yale matundu na kunikata vifundo vya miguu. Siku moja nilichana fulana yangu ya zamani vipande vipande, nikavisokomeza kwenye matundu kwa upande wa ndani, kimoja kimoja, mpaka hewa ikakatika. Joho la kuogea la mama lilining'inia kwenye msumari wa mlango ule, likashuka mpaka sakafuni. Mtu asingeona kitu.

Wiki hiyo hiyo nilipata ujanja wa pili. Bi Dallmann, akirudi kutoka dukani, aliinua macho kutoka barabarani kuona kama maduveti yananing'inia. Basi nilifungua dirisha kidogo tu, nikasukuma duveti nusu yake nje, kisha nikafunga kioo kikalibana. Kutoka chini ilionekana kama nyumba iko wazi. Ndani nilikaa nikinywa chai yangu kwenye joto. Madirisha yenyewe yalikuwa mapya, yamewekwa kiangazi kilichopita, na yalifunga barabara, hata sauti ya basi haikupita.

"Umefungua?" Bi Dallmann aliuliza akiweka mkate mezani.

"Nimefungua."

"Vizuri. Msichana mwaminifu."

Baada ya siku chache vioo vilianza kulia. Ndivyo tulivyosema mimi na Svenja, msichana wa ghorofa ya juu niliyesoma naye darasa moja. Maji yalitiririka kwenye vioo kwa ndani, yakajaa kwenye kingo, yakadondoka sakafuni. Bi Dallmann aliyafuta kwa taulo, akatikisa kichwa, akayafuta tena.

Kisha vichwa vikaanza kuuma. Mimi nilianza. Niliamka nikiwa na uzito nyuma ya macho, nikitoka bafuni uzito unakuwa maumivu, lakini nikifika shule saa mbili na nusu kila kitu kimekwisha. Siku ya kwanza mama alisema ni hali ya hewa, nitazoea; tangu hapo kila aliponiuliza nilisema sijambo. Wiki iliyofuata yeye mwenyewe alikaa kitandani baada ya kuoga, ameshika paji la uso kwa viganja viwili.

"Zamu zimekuwa nyingi," alisema.

Bi Dallmann naye, aliyekumbuka bei za siagi za miaka ishirini iliyopita, alianza kusahau. Aliniuliza kazi yangu ya asubuhi mara mbili. Alisimama jikoni ameshika kisu na tango, asijue alitaka kufanya nini. Alasiri moja alipotoka kuoga alijishikiza ukutani, akateremka taratibu mpaka akaketi sakafuni katika ushoroba.

"Niache," alisema nilipomkimbilia. "Nina miaka sabini na minne. Ni umri."

Nilimletea maji. Nikiwa bafuni nikijaza glasi nilitazama boila. Kwenye kidirisha chake kidogo, moto niliokuwa nimeuona wa buluu siku zote ulikuwa sasa wa manjano, unacheza na kujinyonga. Mara ukazimika wenyewe. Bi Dallmann aliinuka baadaye akauwasha tena, akailaumu mashine kwa uzee kama alivyojilaumu mwenyewe. Mimi nilihisi kitu kibaya kiko pamoja nasi mle ndani, lakini sikukiunganisha na vitambaa vyangu. Au labda sikutaka kukiunganisha. Mpaka leo sina uhakika, na ndilo jambo linaloniuma.

Jumatatu moja tulikuta tangazo limebandikwa kwenye mlango wa chini. Svenja alilisoma kwa sauti. "Fundi wa dohani anakuja Alhamisi saa tisa alasiri. Atakagua dohani za kutolea moshi na boila zote. Mbona umebadilika rangi? Unamwogopa? Anavaa nguo nyeusi tu, hali watoto."

"Anakagua nini hasa?"

"Najua basi? Anaingiza kifaa chake kwenye boila, anapima moshi, anaandika, anaondoka. Anakuja kila mwaka. Sheria."

Siku tatu nilitembea na hofu kifuani. Ningeweza kumwambia mama. Ningeweza kumwambia Bi Dallmann. Badala yake, Alhamisi nilipotoka shule niliingia bafuni, nikavichomoa vitambaa vyote, nikavificha chini ya godoro langu. Halafu nikafungua madirisha yote kwa dakika kumi kamili.

Fundi alikuwa mtu mrefu, koti jeusi lenye vifungo vya dhahabu, mikono safi kuliko nilivyotarajia. Jina lake lilikuwa Bwana Wiebe. Aliingiza mrija wake kwenye boila akasubiri, akitazama namba. Moto ulikuwa wa buluu. Alipiga goti, akapitisha kiganja chini ya mlango kusikia hewa, akaridhika.

"Safi," alisema. "Kuna mtu anayeumwa kichwa humu? Kizunguzungu, kichefuchefu?"

"Bwana Wiebe, kwa umri wangu asiyeumwa kichwa ni yule aliyekwisha kuzikwa," Bi Dallmann alijibu.

Hakucheka sana. Alinigeukia mimi. "Na wewe, binti?"

"Hapana," nilisema.

Alinitazama kidogo, kisha akaandika. Bi Dallmann alinisukuma begani. "Gusa kifungo chake. Anayegusa kifungo cha fundi wa dohani anapata bahati mwaka mzima."

Nikakigusa. Kilikuwa baridi. Bwana Wiebe alituaga akapanda kwa akina Svenja, na karatasi yake ikabaki mezani ikisema nyumba yetu haina tatizo. Niliisoma mara mbili. Kama fundi mwenye mashine amesema hakuna tatizo, nilijiambia, basi hakuna tatizo.

Usiku ule baridi ilishuka mpaka nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Ijumaa asubuhi nilirudisha vitambaa.

Jumamosi mama alitoka kazini saa nane mchana. Alikula supu ya dengu aliyopikiwa na Bi Dallmann, akasema mifupa yake yote inadai maji ya moto, akaingia bafuni na kufunga mlango kwa kufuli. Nilisikia boila ikiguruma na maji yakijaza beseni kubwa. Yalikuwa mengi, yakachukua muda mrefu. Bi Dallmann alikuwa sebuleni akifuma. Mimi nilikuwa jikoni, nikingoja Svenja aje na kigari chake cha kutelezea thelujini.

Svenja alikuja na kofia imemziba macho. "Haya, twende, kabla wakubwa hawajaumaliza mteremko."

"Ngoja nimuage mama." Niligonga mlango wa bafuni. "Mama, naenda kucheza na Svenja."

Hakujibu. Boila iliguruma.

"Amesinzia majini," Svenja alisema. "Mama yangu hulala humo mpaka anakuwa kama zabibu kavu. Twende."

Nilivaa kiatu kimoja. Nikavaa cha pili, nikafunga kamba. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango wa nje nilipokumbuka moto wa manjano. Nikarudi na viatu vyangu, juu ya zulia la Bi Dallmann, nikagonga kwa ngumi.

"Mama. Mama, jibu."

Bi Dallmann alitokea ushorobani. Macho yake yalikwenda kwanza kwenye viatu vyangu, kisha kwenye uso wangu. Aliinamisha kichwa akasikiliza boila. Sijawahi kumwona mzee akibadilika kwa haraka vile.

"Svenja, panda kwenu, waambie wote watoke nje na mdogo wako mchanga. Liway, madirisha. Yote. Sasa hivi."

Niliyafungua hadi mwisho, jikoni, sebuleni, chumbani, na baridi ikaingia kwa nguvu. Bi Dallmann alitoa sarafu mfukoni mwa aproni, akaichomeka kwenye mwanya mdogo ulio upande wa nje wa kufuli, akaizungusha. "Vuta pumzi, uishikilie," aliniambia. "Humo ndani usivute."

Mama alikuwa sakafuni kando ya sinki, taulo limemzunguka, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlangoni. Mashavu yake yalikuwa na wekundu mzuri, kama mtu mwenye afya. Tulimshika kila mtu kwapa moja, tukamburuta mpaka jikoni chini ya dirisha. Bi Dallmann aliizima boila, akafunga gesi, akapiga simu. Sauti yake haikutetemeka hata alipotaja jina la mtaa.

Nitaeleza sasa nilichofanya, kwa sababu nimejiahidi kutoficha. Yeye akiwa kwenye simu, mama akiwa amelala sakafuni, nilijitia kurudi kuchukua joho la kumfunika. Nikapiga goti nyuma ya mlango, nikachomoa vitambaa vyote, nikavisokomeza mfukoni mwa koti langu.

Zimamoto walifika na vifaa vidogo vya kupima hewa vifuani vilivyolia bila kukoma tangu ngazi za ghorofa ya pili. Daktari alimwekea mama barakoa ya oksijeni. Kope zake zilicheza, akakohoa, wakambeba. Sisi wengine tulishushwa barabarani tukafunikwa mablanketi, familia nne, na mama yake Svenja amembana mtoto kifuani. Bi Dallmann alipimwa naye akapewa barakoa. Alikaa kwenye ngazi ya gari la wagonjwa na ndara zake za nyumbani, miguu yake ndani ya theluji.

Mkuu wa zimamoto alishuka akiwa na karatasi ya Alhamisi mkononi.

"Matundu yako wazi, kila kitu kinaonekana sawa," alimwambia mwenzake. "Basi ni dohani, au boila. Na huyu Wiebe ameandika hakuna tatizo siku mbili zilizopita. Mpigie. Atakuwa na maswali magumu ya kujibu. Gesi ya jengo zima ifungwe mpaka tujue."

"Jengo zima?" mama yake Svenja aliuliza. "Katika baridi hii, bila gesi ya hita? Nina mtoto wa miezi minne."

"Mama, nitawafungulia nikijua hewa ya sumu imetoka wapi. Sijui, kwa hiyo sifungui."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, juu ya vitambaa. Nilifikiria chumba chetu. Nilifikiria ndege ya kurudi Iloilo. Nikaona Bi Dallmann ananitazama juu ya barakoa, na sikuweza kuendelea. Nilimwendea mkuu wa zimamoto nikavitoa vitambaa nikavimwaga mikononi mwake.

"Vilikuwa mlangoni," nilisema. "Niliviweka mimi. Nimevitoa sasa hivi. Alhamisi nilivitoa pia kabla fundi hajaja. Na madirisha sikufungua."

Alivitazama vile vipande vya fulana, kimoja bado kina ua la buluu. Hakunifokea. Alimgeukia mwenzake akasema, "Sasa tunajua," na akapanda tena juu. Machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke.

Bwana Wiebe alikuja kesho yake, Jumapili, bila koti jeusi. Alinitaka nimwonyeshe nilivyofanya, hatua kwa hatua, naye akaeleza. Moto unakula hewa kama sisi. Ukiunyima hewa, hauzimiki mara moja, unaanza kutoa sumu isiyo na harufu wala rangi, na moshi wake unarudi ndani badala ya kupanda dohani. Mtu anaumwa kichwa, analala, haamki.

"Uliponijibu hapana," alisema, "nilipima nyumba uliyoniandalia. Nyumba mnayoishi sikuipima. Kifaa changu ni kizuri, binti, lakini hakiwezi kumshinda mtu anayekidanganya."

"Nisamehe, Bwana Wiebe."

"Nimekusamehe jana, uliposema. Ungekaa kimya, ningetafuta kosa mahali ambapo halipo, na wewe ungevirudisha tena baridi ikizidi."

Nilijua kwamba ni kweli.

Jumatatu tulikwenda hospitalini, mimi na Bi Dallmann. Mama alikuwa ameketi, rangi yake imerudi, mdomo umekauka. Nilisimama miguuni pa kitanda nikamwambia yote tangu fulana mpaka mfukoni, na hilo la mfukoni lilikuwa gumu kuliko yote. Alisikiliza bila kunikatiza. Alipogeuka, hakunitazama mimi. Alimtazama Bi Dallmann.

"Tutahama," alisema kwa sauti ndogo. "Nipe wiki mbili tu nipate nguvu."

"Utahamia wapi, Bi Abrigo?" Bi Dallmann aliuliza, akivuta kiti. "Mtoto ameniuliza kwa nini matundu hayafunikwi. Nikamjibu kwamba hayafunikwi. Miaka arobaini nimetoa amri katika nyumba ile kama askari wa gereza, na sikuona haja ya kueleza. Ningemwambia sababu, asingethubutu. Chumba ni chenu."

Mama alilia kidogo, akajifuta. Kisha akanipungia nikaribie, akanishika kidevu.

"Mimi ndiye niliyekuambia unyamaze," alisema. "Nilikosea. Niliogopa kupoteza chumba, nikakufundisha kuficha. Chumba tungepata kingine, hata baada ya miaka. Sasa nisikilize. Kanuni usiyoielewa, uliza mpaka uelewe. Ukiivunja, sema siku hiyo hiyo, likiwa bado ni jambo la kugombezwa tu. Wewe ulingoja mpaka likawa jambo la kuzikana. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Nani mwingine aliumwa kichwa?"

"Mimi. Kila asubuhi, wiki tatu."

Alinivuta akakiweka kichwa changu kifuani pake, mahali ambapo nilisikia moyo wake unapiga, akaniambia nirudie tena, polepole, kila siku niliyoumwa na kila siku niliyosema sijambo. Nikaanza na ya kwanza.